Pesa ya Tovuti si Pesa ya Samaki



Limeingia jambo majumbani mwetu kimya kimya, na wazee wengi hulitazama kwa jicho la mchezo. Kijana wa miaka 15 au 16, angali mtoto wa skuli, ameketi na kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake, huwatengenezea watu tovuti na kuwapangisha mahali pa kuziweka. Leo mteja wake ni mwenye duka la vyuma, kesho ni mwenye nyumba ya kulaza wageni, kesho kutwa ni madrasa itakayo kutangaza nafasi za wanafunzi. Wote hao humlipa. Na kwa kuwa mtoto hana kitambulisho, laini ya simu ni ya baba au ya mama, basi pesa zile huingia katika simu ya mzazi. Mzazi husikia mlio, hutazama, husema "Alhamdulillahi, riziki imeingia," kisha humtuma mtu sokoni.

Hapo ndipo tutakapo kusimama. Hatusemi kwamba kazi hii haimfai kijana. Ni kazi nzuri, ya mkono na ya akili, na ni halali yake. Maneno yetu leo yawaelekea wakubwa: baba alaye pesa asizojua ni za nini, mteja asemaye "wewe ni mwanetu" pale tu ufikapo wakati wa kulipa, na jamaa wajisifuo maharusini kwamba "mtoto wetu ana kampuni," nao hawajamuuliza hata siku moja ameahidi nini kwa watu. Hao ndio waivunjao biashara ya kijana. Ikisha kuvunjika husema, "Si tuliwaambia? Mchezo wa kompyuta."

Kwanza na ifahamike kazi yenyewe, kwani wengi waihukumuo hawaijui. Tovuti ni kurasa zilizowekwa ndani ya mashine isiyozimwa usiku wala mchana, nayo huitwa seva. Seva hiyo haimo chumbani kwa kijana. Imo Ujerumani, au Marekani, au penginepo, katika jumba kubwa lenye umeme wake na baridi yake. Kampuni yenye jumba hilo hukodisha nafasi kwa jumla, kwa mwezi, kwa dola. Kijana hukodi fungu moja, kisha kwa programu maalumu huligawa vyumba vyumba na kuwapangisha wateja wake, kwa mwaka, kwa shilingi. Mfano wake ni mtu aliyekodi nyumba nzima ya vyumba sita kwa kodi ya mwezi, naye akapangisha chumba chumba, na kila mpangaji akamlipa mwaka mzima mbele. Mwenye nyumba hamjui mpangaji. Mpangaji hamjui mwenye nyumba. Wote wawili wamjua huyu aliye katikati.

Tena kuna jina. Lile jina la tovuti, ambalo mafundi huliita kikoa, halinunuliwi likawa milki ya mtu milele. Hukodiwa kwa mwaka, au kwa miaka kadhaa isiyozidi 10. Muda ukiisha na pesa haikulipwa, tovuti hutoweka, na barua pepe zote zilizo chini ya jina hilo hukoma pamoja nayo. Huwa kuna siku za muhula. Zikipita, mtu yeyote ulimwenguni aweza kulichukua, na mwenye duka la vyuma akaja kuona jina la duka lake latangaza kamari.

La tatu ni kuchora, yaani kuipamba tovuti na kuipanga. Hilo ndilo jepesi kulifahamu. Ni kama fundi ashonaye kanzu: amepewa kitambaa, ameshona, amekabidhi, amelipwa. Ujira ule ni wake, na akiwapa wazazi wake anunue dua kwao, ni kheri yake. Lakini pesa ya kupangisha si ujira wa kazi iliyokwisha. Mteja aliyelipa mwezi wa Januari amelipia Januari, na Februari, na miezi mingine yote mpaka Disemba. Siku pesa ile iingiapo, kijana hajachuma hata moja ya kumi yake. Iliyobaki ni deni la utumishi ambao bado hajautoa. Mzazi aichukuaye pesa hiyo akanunua samaki, amenunua samaki kwa pesa ya mwenye duka la vyuma.

Tufanye hesabu, maana maneno matupu huwa hayamuingii mtu. Tuseme kijana ana wateja 20, na kila mmoja humlipa shilingi 4,000 za Kenya kwa mwaka, jina na nafasi pamoja. Hizo ni 80,000. Nyumbani zikionekana zote pamoja, watu hufungua macho. Sasa tazama upande wa pili. Fungu lake la seva ni dola 25 kwa mwezi, yaani 300 kwa mwaka. Majina 20 kwa dola 12 kila moja ni 240. Jumla dola 540. Mapema mwaka 2023 dola moja ilikuwa kama shilingi 124, basi gharama yake ni shilingi 66,960, naye amebakiwa na 13,040. Hiyo ndiyo faida ya mwaka mzima, mbali na umeme, mbali na bando, mbali na usiku aliokosa usingizi. Januari mwaka 2024 dola ikapita shilingi 160. Gharama zile zile dola 540 zikilipwa kwa shilingi 160 ni 86,400, na wateja wamelipa 80,000 zile zile. Kijana amekula khasara ya shilingi 6,400 na hakuna alilokosea. Mwaka huo huo ulipofika kati, dola ilikuwa imerudi karibu na 130, lakini aliyelipa Januari halirudishiwi lililopita.

Na dola si peke yake. Ile programu igawayo vyumba, na yenye kujulikana zaidi ni cPanel, zamani ilikuwa ikilipiwa kwa seva nzima. Mwaka 2019 wenyewe wakabadili, wakaanza kutoza kwa hesabu ya akaunti zilizomo. Wapangishaji wadogo ulimwenguni kote wakapiga kelele, na kelele hazikuwafaa kitu. Mwenye kupangisha kwa mwaka amejifunga bei kwa mteja, na kule atoako yeye hakujifungiwa bei na mtu.

Sasa mtu aniambie, katika hesabu hii, hizo pesa za samaki zatoka wapi? Pesa za nguo za Idi zatoka wapi? Ada ya skuli ya mdogo wake yatoka wapi? Nazo zote twazijua zilivyotolewa. Januari wateja wamelipa. Ramadhani ikaingia, mahitaji yakaingia. Mwezi wa saba kule ng'ambo wamepeleka hati ya dola 25, kadi haina kitu. Hupeleka onyo la kwanza, la pili, kisha hufunga. Na wakifunga hawafungi chumba kimoja. Hufunga nyumba nzima, wapangaji wote 20 kwa mara moja. Asubuhi simu ya yule mtoto haipumui. Mwenye nyumba ya wageni asema amepoteza wageni, mwenye madrasa asema wazazi hawaoni fomu, na wote wamwita mwizi. Mwizi ni nani?

Wapo wasemao: mtoto huyu hakupaswa kuingia katika biashara tangu mwanzo, angoje amalize kusoma. Hawa twawajibu kwa vitu vilivyotokea. Kampuni ya DreamHost ya California ilianzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wanne wa chuo cha Harvey Mudd, na mmoja wao, Sage Weil, alizaliwa mwaka 1978. HostGator ilianzishwa mwaka 2002 na Brent Oxley akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Florida, akakaa nayo miaka kumi, kisha mwaka 2012 akaiuza kwa mamia ya mamilioni ya dola. Matt Mullenweg wa Houston alikuwa na miaka 19 mwezi wa Mei 2003, alipotoa pamoja na Mike Little wa Uingereza programu ya WordPress, ambayo leo ndiyo watumiayo vijana wetu wengi kutengenezea tovuti, nayo ni ya bure. Basi umri si hoja. Na umbali si hoja pia, tangu waya wa TEAMS ulipokuja chini ya bahari kutoka Fujairah ukafika Mombasa mwaka 2009, na wenzake wakaufuata. Wazee wetu waliingojea kaskazi ilete majahazi kutoka huko huko. Watoto wao hawangoji msimu.

Wengine huja na hoja ya sheria, na hawa wana neno la kusikizwa. Mtoto, wasema, mapatano yake hayasimami. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ni ya wengi wetu huku pwani, mapatano ya mtoto asiyebaleghe hayasihi, na kwamba Mahanafi huyaruhusu ya mtoto mwenye kupambanua akiruhusiwa na walii wake. Lakini twamzungumza kijana wa miaka 15 na 16. Huyu amekwisha kubaleghe. Ni mukallafu, ahadi yake ameanza kuandikiwa. Linalobaki kutazamwa ni kama ana rushdi ya kutumia mali, na Suratun-Nisaa katika aya ya 6 imefundisha kwamba rushdi hujulikana kwa kujaribiwa, wala haingojewi ianguke kutoka mbinguni siku ya kutimiza miaka fulani. Ama serikali za Kenya na Tanzania, kwao mtu mzima ni wa miaka 18. Kabla ya hapo hana kitambulisho, hana laini yake, hana akaunti yake peke yake katika benki.

Tazameni basi mahali alipo kijana huyu. Mzigo wa ahadi umo shingoni mwake, na pesa ya kuitimizia ahadi imo mkononi mwa mtu mwingine. Baba akisema "ni pesa za mwanangu, na mwana na mali yake ni vya babake," sisi hatutaki kubishana naye katika haki za wazazi. Twamuuliza jambo moja: pesa hizi ni za mwanawe tangu lini? Mteja hajapewa alicholipia. Na laini ni yako wewe, kitambulisho ni chako, kadi inayolipa dola ni yako. Mteja akienda kushitaki, karatasi zote zina jina lako. Wewe ndiye mpangishaji, mtoto ni fundi wako. Nawe umeila kodi ya wapangaji na mwenye nyumba hajalipwa.

Na fundi huyo akiwa ni binti, mambo huwa mabaya zaidi. Kazi hii yaweza kufanywa na binti aliye nyumbani bila ya kukanyaga duka la mtu, na wapo waifanyao kwa uhodari. Lakini husemwa kwamba si vizuri yeye kudai pesa kwa wanaume, basi kaka yake ndiye aendaye kudai, na kaka akisha kudai hurudi na nusu, au hurudi na hadithi.

Ama wateja. Kundi hili halijatajwa inavyostahili katika mazungumzo ya barazani, kwa sababu wengi wa wazungumzaji wamo ndani yake. Mfanyabiashara huyu humlipa mwandika vibao vya duka siku ile ile kibao kipandapo ukutani. Humlipa fundi wa mfereji, akichelewa fundi hufunga maji. Lakini fundi wa tovuti, kwa kuwa amemjua tangu akiwa anatambaa, humwambia "inshaallah Ijumaa." Ijumaa ikifika, humwambia "inshaallah mwisho wa mwezi." Neno la kumtegemea Mwenyezi Mungu limefanywa pazia la kutolipa. Kisha kila aongezapo ahadi huongeza na kazi: tia picha hizi 40, tia Kiarabu, tia Kiingereza, tia mahali watu waweke oda. Kanzu iliyopatanwa imekuwa kanzu na joho na kilemba, na bei ni ya kanzu. Kijana akisema neno, huambiwa hana adabu kwa wakubwa.

Heshima kwa mkubwa ni wajibu, hilo hatulipunguzi. Lakini mkubwa aliyeajiri ni mwajiri, na ujira wa mwajiriwa hauondoki kwa umri wa aliyemwajiri. Lau kijana huyu angekwenda kwa mgeni wa mtaa wa mbali angelipwa nusu mbele na nusu kazi ikiisha. Ndiyo maana vijana wetu wenye akili hujifunza mapema kuwakimbia watu wao na kuwafanyia kazi wageni. Kisha twalalamika kwamba hawatufai.

Tena kuna saa za usiku. Mteja hupiga simu saa sita za usiku, "tovuti haifunguki," na kumbe ni bando lake yeye lililokwisha. Au mpwa wake amepewa neno la siri, akaingia, akafuta asilolijua. Mtoto ana mtihani wa hisabati asubuhi. Wateja hawa wangemuuliza hata mara moja: uko darasa la ngapi?

Na kijana naye asidhani tumemwachia njia. Tumeanza na wakubwa kwa kuwa wao ndio wakubwa, lakini yapo makosa yasiyotoka kwa baba wala kwa mteja. La kwanza ni yale maneno "nafasi isiyo na kikomo." Kijana amekodi fungu lenye mpaka unaojulikana, naye awauzia watu 20, kila mmoja, kitu kisicho na mpaka. Ameyaona maneno hayo kwa makampuni makubwa ya ng'ambo akayanakili. Yale makubwa yajua kwamba wateja wengi hawajazi hata pembe, na katika masharti marefu wameandika njia ya kumtoa anayejaza. Ni uuzaji wa usichokuwa nacho, wala haufai zaidi kwa kuwa umetoka Marekani. Andika kiasi: picha kadhaa, barua pepe kadhaa, nafasi kadhaa. Mteja atakaye zaidi na alipe zaidi.

La pili ni kuandikisha jina la mteja kwa jina lake mwenyewe. Huanza kwa wepesi, maana mteja hana barua pepe, au haijui. Kisha siku wakikosana, kijana amelishika jina la duka la mtu kama mateka, au mteja amehamia kwa fundi mwingine na hawezi kulichukua. Jina la duka ni mali ya mwenye duka. Fundi hulilipia kwa niaba yake, na funguo zake humpa.

La tatu ni kupamba tovuti kwa mapambo ya wizi. WordPress ni bure, na mapambo ya bure yapo maelfu. Lakini kijana ataka yale ya kulipiwa, basi huyachukua kwenye mahali yanapogawanywa bila ya idhini ya wenyewe. Mbali na kwamba ni mali ya mtu, wanaoyagawa hawafanyi hisani: hutia ndani yake mlango wa siri, na baada ya miezi miwili tovuti ya madrasa yapeleka barua za ulaghai kwa watu wasioijua.

La nne ndilo lenye kubomoa, nalo ni kutokuwa na nakala za akiba. Kijana hudhani kwa kuwa seva iko Ulaya, basi ni salama kama mlima. Mwezi wa Juni 2011 kampuni ya Distribute.IT ya Australia iliingiliwa na mhalifu akafuta yaliyomo katika seva zake, na tovuti karibu 4,800 zikapotea zisirudi, kwa kuwa nakala nazo zilifutwa. Machi 10, 2021, moto ulishika katika majengo ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hii ni kampuni kubwa kabisa ya Ulaya katika kazi hii, na mwanzo wake nayo ilianzishwa na mwanafunzi, Octave Klaba, mwaka 1999. Jengo moja liliteketea lote, la pili likaungua sehemu. Hakufa mtu, lakini tovuti zilizozimika zilihesabiwa zaidi ya milioni tatu, na wapo waliokuta kwamba nakala zao za akiba zilikuwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille ilihukumu kwamba mteja mmoja wa namna hiyo alipwe zaidi ya euro 100,000. Kampuni yenye mawakili iliulizwa "nakala iko wapi?" na ikahukumiwa kulipa. Fundi wetu wa miaka 16 akiulizwa swali hilo atajibu nini? Nakala moja ya kila wiki katika diski iliyomo sandukuni mwa mamake yamtosha kuanzia, nayo haina gharama ila ya diski.

Na tovuti za siku hizi hukusanya habari za watu: majina ya wanafunzi, nambari za simu za wazazi, pasipoti za wageni wa nyumba ya kulaza. Kenya ina sheria ya kulinda habari hizo tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu 2022. Kijana aliyeweka fomu ya pasipoti bila ya kinga amewafungulia watu sanduku la wageni, na mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyeitaka fomu hiyo wala hakuuliza yaendapo yaandikwayo.

Basi nyumba ifanye nini? Pesa zikae mbali na pesa za nyumbani. Mama au baba na atoe laini ya pili isiyopigiwa wala isiyotumiwa kununua kitu, na kila iingiayo ya kupangisha ikae humo. Kila mwezi ukiisha, sehemu ya kumi na mbili ya pesa ya kila mteja huwa imechumwa. Hapo toa ya seva, toa ya jina, weka ya kupanda kwa dola, na ikibaki, hiyo ndiyo ya kijana. Akipenda kuwapa wazazi wake, atawapa. Pesa ya kuchora yaweza kwenda upande mwingine tangu siku ya kwanza.

Na daftari liwepo, la karatasi, lenye jina la mteja, tarehe aliyolipa, tarehe ya kuisha, na kiasi. Asicheke mtu. DreamHost, wale wale wanafunzi wanne, walipokuwa wamekaa katika kazi miaka kumi na zaidi, Januari 2008 waliandika mwaka vibaya katika hesabu yao ya madai, wakawatoza wateja wao karibu dola milioni 7.5 zisizodaiwa. Walijulikana, walisema hadharani, na walirudisha. Waliweza kurudisha kwa sababu ilikuwa imeandikwa nani ametozwa nini.

Kuandikiana pia. Suratul-Baqara, aya ya 282, yaamrisha kuandikiana deni la muda maalumu, na humo humo imetajwa kwamba mwenye deni asiyeweza kuandikisha mwenyewe, walii wake aandikishe kwa uadilifu. Hapa pana kazi ya baba iliyo wazi, na wala haihitaji baba ajue kompyuta. Akae na mteja na mwanawe, ukurasa mmoja uandikwe: kazi ni hii, kiasi cha nafasi ni hiki, jina limeandikishwa kwa mwenye duka, nusu italipwa mbele, mabadiliko yatakayozidi yana bei yake, simu hupokewa baada ya skuli mpaka baada ya Isha, na dola ikipita kiasi fulani bei ya mwaka ujao itabadilika. Wote watie saini. Mteja atakayeona haya kuandikiana na mtoto, kwa kuwa yupo baba hapo, hatakuwa na la kusema. Atakayekataa hata hivyo, amesema mapema, na imekuwa kheri.

Limebaki la bweni, ambalo twaona halifikiriwi kabisa. Wengi wa vijana hawa husoma katika skuli za bweni, na huko simu hairuhusiwi, kompyuta yake haiingii, naye hukaa muhula mzima. Onyo la seva laja kwa barua pepe, na barua pepe hiyo hakuna aifunguaye. Majina huisha muda katikati ya muhula. Kabla ya skuli kufunguliwa, mzazi na aulize: jina gani litakwisha kabla hujarudi, na seva italipwa tarehe ngapi, na ni nani mwenye neno la siri? Kama yuko binamu au rafiki wa mtaa ajuaye kazi, wamshirikishe kwa fungu linalojulikana. Kama hayuko, majina yalipiwe kabla ya safari, kadi iachwe na pesa za miezi mitatu, mteja mpya asichukuliwe mpaka likizo, na wateja walioko waambiwe wazi kwamba mpaka mwezi fulani hapatakuwa na mabadiliko, na kwamba shida ikitokea wampigie baba, ambaye nambari yake ndiyo waliyoilipia tangu mwanzo.